Mjadala: Chai ya bandarini, ni ya nani?

KARANI WA SHIMANZI (mwenye mada)
Jamani, hili tulijadili bila kutajana majina. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa, mwaka wa kumi na moja huu. Juzi mteja wetu mkubwa, kampuni ya Ulaya yenye matawi nchi kadhaa, alituletea mkataba mpya. Kurasa tatu nzima ni za hongo: hatutatoa, hatutapokea, hatutaahidi, tukikiuka tunaachishwa kazi na kushtakiwa juu. Bosi akatia sahihi, nami nikapiga muhuri.

Haijapita wiki mbili kontena lao likazuiwa. Siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabiwa kwa dola. Meneja wao, mtu ambaye hata salamu ya Idi huileta kwa barua pepe, siku hiyo akapiga simu: "Mambo ya huko mnayajua wenyewe. Fanyeni linalowezekana, mimi sitaki kujua." Kontena likatoka kesho yake. Kwenye ankara yetu palikuwa na mstari mmoja, "gharama nyinginezo", hauna risiti. Wakalipa kimya, wao ambao hudai risiti hata ya bodaboda.

Kwangu mimi, kampuni hizi za kigeni bado zinahonga, ila mkono wanaotumia ni wangu. Mnasemaje?

MWENYE TRELA, MIRITINI
Penye udhia penyeza rupia, wazee hawakuyasema bure. Trela langu likilala langoni siku mbili, dereva anataka posho na mwenye mzigo ananipigia makelele. Mgeni afanye nini? Asipotoa yeye atatoa mwengine, na huyo mwengine ndiye atakayepata zabuni. Na hao wageni wakifungasha virago, vijana wa Changamwe mtawaajiri nyinyi?

WAKILI MCHANGA, TUDOR
Ami, hilo la "atatoa mwengine" lilikuwa na nguvu zamani. Ujerumani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliweza kuiandika hongo ya ng'ambo kama gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Siku hizi hali si hiyo. Sheria ya Marekani ya 1977 inashika hata pesa iliyopitia kwa wakala, na kujifumba macho makusudi huhesabiwa kuwa ni kujua. Kwa hiyo Karani, ile "sitaki kujua" haimwokoi mtu. Kweli, Marekani wanasamehe chai ndogo ya kuharakisha kazi ya kawaida. Waingereza, kwa sheria yao ya 2010, hawasamehi hata hiyo, na kampuni ina kosa ikishindwa kumzuia anayeifanyia kazi asihonge. Hapa kwetu, Sheria ya Hongo ya 2016 inataka kampuni ziwe na taratibu za kuzuia, na mwenye mamlaka akijua au kushuku, aripoti ndani ya saa 24.

Tena mfano uko hapa hapa. Mwaka 2015 Goodyear ilikubali kulipa dola milioni 16 kwa sababu ya matawi yake ya Kenya na Angola. Tume ya masoko ya hisa ya Marekani ilisema tawi la Kenya liliwahonga watumishi wa taasisi za umma wanunue tairi, wakiwemo wa Mamlaka ya Bandari, na vitabuni pesa zikaandikwa kama za matangazo. Kampuni haikukiri wala kukana, lakini ililipa.

MAMA WA KONGOWEA
Na mimi nanunua mchele gunia kwa gunia. Hiyo chai yenu naikuta ndani ya bei, ankara sioni.

MZEE WA MJI WA KALE
Wanangu, mmesahau mahindi. Maduka yasiyotozwa ushuru ya uwanja wa ndege wa Nairobi na huu wetu wa Moi yalipatikana vipi? Mwenye World Duty Free alieleza mwenyewe mbele ya baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kesi za wawekezaji na serikali, kwamba mwaka 1989 alimtolea Rais Moi dola milioni mbili. Sehemu yake ilikuwa taslimu ndani ya mkoba, akauegemeza ukutani. Wakati wa kuondoka akauchukua mkoba wake, kuufungua, pesa hamna, mna mahindi mabichi!

Baadaye biashara ikamtoka mkononi, akaishtaki Kenya. Oktoba 2006 baraza likasema mkataba uliopatikana kwa hongo haulindwi. Serikali ikashinda, na ngao yake ilikuwa kwamba rais wake alihongwa. Baraza lenyewe lilikereka, likaandika kwamba haionekani Kenya kujaribu kumshtaki mpokeaji wala kuzidai zile pesa.

MWENYE TRELA, MIRITINI
Basi mzee umenitetea. Mtoaji kapoteza duka, mpokeaji katulia. Na hiyo Marekani ya Wakili, Februari 2025 si Trump aliisimamisha sheria yenyewe, eti inawabana wafanyabiashara wao?

WAKILI MCHANGA, TUDOR
Alisimamisha utekelezaji, sheria ikabaki pale pale. Juni mwaka huo huo wakarudi kazini kwa mwongozo mpya.

KARANI WA SHIMANZI (mwenye mada)
Wakili, nimekusoma na nashukuru. Lakini siku nikishikwa na bahasha, huyo meneja atatoa zile kurasa tatu na kusema, si tulimkataza? Ndiyo kazi yake ile karatasi.

Juzi nikamwandikia barua pepe, kwa adabu, nikamwomba aongeze mstari mmoja tu: tukikataa kutoa chai, storeji ya siku tutakazokwama ataibeba yeye.

Amenijibu kwa simu.