Naomba ushauri: Ohio State bila Will Howard, nitegemee nini?

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Columbus, Marekani, na tangu nihamie hapa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Ohio State imeniingia damuni. Januari 20 mwaka huu wa 2025 walipowafunga chuo cha Notre Dame 34-23 na kubeba ubingwa wa vyuo, nilishangilia hadi sauti ikakauka.

Sasa msimu wa 2025 unaanza Agosti 30, nyumbani dhidi ya chuo cha Texas, na roho haijatulia. Wachezaji wetu 14 wamechukuliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa. Kwotabeki Howard, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ameenda Pittsburgh. Kocha wa ulinzi, Jim Knowles, kahamia chuo cha Penn State, nafasi yake kapewa Matt Patricia. Mdakaji wetu Jeremiah Smith yupo, na yeye mpira anaudaka hata kwa mkono mmoja, ila wa kumrushia ni nani? Julian Sayin na Lincoln Kienholz wanagombea namba, na hakuna kati yao aliyewahi kuanza mechi ya chuo.

Mdogo wangu anakuja kunitembelea kutoka Morogoro na hajawahi kuuona mchezo huu. Pesa yangu inatosha tiketi mbili za mechi moja tu. Niliangalia mechi ya mazoezi ya Aprili, daftari mkononi, nikiandika kila pasi ya vijana hao wawili. Bado niko njia panda.

Wazoefu, kwotabeki mgeni huchukua mechi ngapi hadi atulie? Na ninunue ya Texas, au nisubiri Penn State wakija hapa Novemba 1?