Tupeane uzoefu: esansi (petroli) ikikatika Goma, kwako kinaumia nini kwanza?

Mwalimu_Katindo
Ndugu zangu, leo nimeenda kwa mguu kutoka Katindo hadi Majengo. Stesheni nne za esansi njiani, zote zimefungwa kamba. Na jana tu nilikuwa nafundisha habari za mafuta ya dunia: kwamba mwaka 1956 Mmarekani M. King Hubbert alikadiria uchimbaji wa nchi yake utafika kilele karibu na 1970 kisha uteremke, na 1970 ikawa hivyo. Mtoto akainua mkono: "Mwalimu, siye tutajuaje kama yanaisha, na hapa yanakatika kila mara?" Sikuwa na jibu. Tupeane uzoefu.

Mama_Ndosho
Maji. Pampu yetu inasukumwa na grupu, yaani jenereta. Mazuti (dizeli) ikikosa, tunashuka ziwani na bidoni za njano, yale madumu ya plastiki. Lita 20 mgongoni, na kurudi ni kupanda.

Motari_Birere
Mama amesema kweli. Mimi nanunua esansi kwa kadhafi, yule muuzaji wa kando ya barabara, kwa chupa ya lita moja na nusu. Asubuhi bei hii, saa sita bei nyingine, abiria anafikiri namwibia. Na mara nyingi wameichanganya na mafuta ya taa, moto yangu (pikipiki) inakohoa mpaka Ndosho.

Fundi_Himbi
Mwalimu, malizia somo. Mwaka 2018 Marekani ilipita kilele chake cha 1970, kwa kupasua miamba. Mafuta hayajaisha. Yaliyo rahisi kuchimba ndiyo yanaisha, na yaliyo ghali anayashindwa kwanza mtu wa Birere.

Mtoto_wa_2002
Nimesoma neno bidoni nikashindwa kunyamaza.

Nilikuwa na miaka 12. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Siku chache baadaye tulirudi. Mawe yalikuwa bado moto, raba zinanata chini. Nyumbani hakuna unga, hakuna pesa. Ikaja habari kwamba kuna stesheni lava imeizunguka na tangi bado lina mafuta, watu wanachota. Yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, akachukua bidoni mbili, akanipa moja.

Tulipokaribia akaiona yangu ina ufa chini. Akaniambia: "Rudi kwa mama akupe sabuni uzibe. Nakushikia nafasi."

Nilirudi mbio. Nilikuwa nimepiga magoti uani nasugua kipande cha sabuni kwenye ule ufa, na ulikuwa umeshaanza kuziba vizuri, nikasikia mshindo. Mama akapiga kelele kwamba mlima umerudi. Haukuwa mlima. Ilikuwa tarehe 21. Makumi ya watu waliungua pale. Yaya hatukuweza kumtambua, tulizika pamoja na wengine.

Watu waliandika kwamba ni waporaji. Mimi nilikuwepo. Lita tano zilikuwa unga wa siku mbili.

Mama_Ndosho
Pole sana mwanangu. Moshi ule niliuona. Mama yako bado yupo?

Mtoto_wa_2002
Yupo, mama. Asante.

Motari_Birere
Pole kaka. Mjomba wangu alirudishwa njiani na mkewe siku ile, hadi leo hataki kuizungumzia.

Mfanyabiashara_Virunga
Pole ndugu. Lakini mimi hasira yangu ni moja: nchi ina mafuta! Moanda, kule pwani ya Atlantiki, wanachimba tangu miaka ya 1970. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27, 2024 ikaufuta. Tungechimba ya kwetu, nani angepanga foleni?

Mzaliwa_Vitshumbi
Hapo usiniguse. Nimelelewa na Ziwa Edward, ada ya shule yangu ilitoka kwenye tilapia. Ya Moanda yanapakiwa melini yakiwa ghafi. Tunayochoma Goma yanakuja na lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Wewe Moanda imekupa lita ngapi hapa mtaani kwako Virunga?

Mfanyabiashara_Virunga
Samaki haendeshi lori.

Mzaliwa_Vitshumbi
Na esansi hailiwi na ugali. Ikimwagika ziwani umenifunga mdomo mimi na wanangu.

Mwalimu_Katindo
Taratibu, wote wawili mna uchungu. Turudi: mtu anajikingaje?

Fundi_Himbi
Kwa umeme wa maji. Jirani yangu ameunganishwa na ule wa Matebe, kule Rutshuru. Kinu chake kinasaga hata siku mazuti haipo mjini.

Motari_Birere
Moto za umeme zinatembea Kigali. Nani atanikopesha ya kwanza?

Mzee_wa_Chukudu
Wajukuu, chukudu yangu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba viazi kutoka Kibumba miaka yote hii, haijaonja esansi. Mteremko ndio stesheni yangu.

Mama_Ndosho
Na kupanda, mzee?

Mzee_wa_Chukudu
Kupanda tunasukuma.

Mfanyabiashara_Virunga
Mimi nashauri akiba. Nina bidoni tatu chini ya kitanda, mwezi huu sihangaiki.

Mama_Ndosho
Nje wataiba, kweli. Mimi yangu iko jikoni nyuma ya mlango.

Mtoto_wa_2002
Mama, jikoni kuna mbabula, jiko la makaa. Na wewe kaka, nyumba yako ni ya mbao kama zetu sote. Zitoeni. Msingoje kesho.

Mama_Ndosho
Nimeitoa. Iko uani, nimeifunika.

Mtoto_wa_2002
Na kaka wa Virunga?