Namna ya kuona udongo uliopenya kichujio kabla mafuta hayajafika mnarani

Mkaguzi wa Vingunguti:

Wakubwa kwa wadogo, habari za kazi. Ninasimamia ubora katika kiwanda cha kusafisha mafuta ya kula hapa Dar es Salaam, na nina tatizo linalonikosesha usingizi. Mawese ghafi huchanganywa na udongo wa kung'arishia, yaani udongo unaonyonya rangi na uchafu, yakiwa na joto la nyuzi 100 hivi, kisha hupitishwa kwenye kichujio chenye sahani za wavu wa chuma ili udongo ubaki, na mafuta yaende kwenye mnara wa kuondolea harufu, ambako joto hufika nyuzi 240 au zaidi. Tunategemea macho ya opereta kwenye kioo cha kuchungulia, pamoja na sampuli ambayo maabara huichuja kwa karatasi kila baada ya saa mbili.

Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku kwa dakika chache. Pampu ilisimama, shinikizo likashuka, na udongo uliokuwa umegandamana kwenye sahani ukaporomoka. Pampu ilipowashwa tena, mafuta yenye udongo yalikwenda moja kwa moja mnarani, nasi tulitambua alfajiri tu, sampuli ilipoacha karatasi yenye madoa ya kijivu.

Tangu hapo tumefunga mita inayopima ukungu wa mafuta kwa mwanga. Tuliiweka maabara, mwisho wa bomba jembamba la sampuli, ili iwe karibu nasi. Inapiga kengele mchana kutwa ilhali karatasi inaonyesha mafuta ni safi, na opereta wameanza kuizima. Je, kifaa hiki hakifai kwa mafuta, au tumekosea kukifunga?

Fundi wa Vipimo:

Pole kwa kazi, ndugu yangu. Kabla ya kukilaumu kifaa, tujiulize kinaona nini. Mita ya namna hii hurusha mwanga ndani ya kimiminika na kupima kiasi kinachotawanyika, mara nyingi kwa pembe ya digrii 90, wala haina njia ya kujua ni kitu gani kilichoutawanya. Punje ya udongo, kipovu cha hewa, tone la maji na chembe ya mafuta iliyoanza kuganda, vyote kwake ni ukungu. Mawese huanza kuingiwa na chembe yakipoa hadi nyuzi 35 hivi, na wewe umeyapitisha kwenye bomba jembamba ambalo hukusema kama linapashwa joto, hadi kwenye chumba ambacho bila shaka kina kiyoyozi. Naamini kengele zako nyingi zinatokana na mafuta kuganda njiani.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi, nalo ni muda. Chukua bomba la sampuli lenye urefu wa mita 20 na kipenyo cha ndani cha milimita 6: ndani yake hukaa zaidi kidogo ya nusu lita. Ukilipitishia nusu lita kwa dakika, mafuta unayoyapima yalitoka kwenye bomba kuu sekunde 68 zilizopita. Ikiwa bomba kuu lina mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, uchafu umekwishasafiri mita 100 kabla mita haijaamka. Mnara wako uko umbali gani kutoka kwenye kichujio? Kipimo kinachofika baada ya uchafu kupita hakitofautiani sana na karatasi yako ya alfajiri.

Kwa hiyo hamisha kihisi hadi kwenye bomba kuu, mara baada ya kichujio, mafuta yakiwa bado ya moto. Kifunge kwenye kipande cha bomba la wima ambapo mafuta yanapanda, ili bomba lijae wakati wote na hewa isikae mbele ya kioo. Hakikisha pia kwamba kihisi chenyewe kinastahimili joto hilo, na kwamba kinatumia miale ya infraredi, kwa sababu rangi ya mawese hunyonya sana mwanga wa buluu na ingekudanganya.

Dada wa Maabara:

Ninakubaliana na kaka hapo juu, ila naomba niongeze kuhusu namba zenyewe. Mita nyingi hulinganishwa kwa formazini, yaani ukungu wa kawaida wa kulinganishia vipimo, iliyotengenezwa ndani ya maji, na kipimo hicho hakiwezi kuhamishiwa kwenye mafuta. Maji hupinda mwanga kwa kipeo cha 1.33, mafuta ya kula kwa takriban 1.46, na udongo wa kung'arishia hauko mbali na mafuta. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, punje hutawanya mwanga kwa udhaifu, na kiwango cha udongo ambacho ndani ya maji kingeonekana kama tope, ndani ya mafuta kinaweza kuonekana kama ukungu mwepesi tu. Usichukue kikomo cha kengele kutoka kwenye kijitabu cha kifaa. Chukua mafuta yako safi yakiwa ya moto, pima udongo wenu kwa mizani, changanya kwa viwango vinne au vitano, uandike mita inasoma nini kwa kila kimoja. Karatasi ya kuchujia usiiache. Ndiyo itakayokuambia kama kioo cha kihisi kimeshikwa na utando.

Nawaombeni pia msione ni madoa ya karatasi tu. Udongo uliopenya una chuma, na chuma huharakisha mafuta kuchacha, mbali na kuziba vipasha joto vya mnara. Anayeumia mwishoni ni mama anayenunua kidumu dukani.

Mkaguzi wa Vingunguti:

Nawashukuruni sana. Bomba la sampuli lina urefu wa mita 26 na halipashwi joto, na kutoka kichujio hadi mnara hakuzidi mita 40, hivyo hesabu ya fundi inatuhukumu wazi. Tutahamisha kihisi tutakaposimamisha mtambo. Je, kengele iende kwa opereta, au ifunge valvu yenyewe?

Fundi wa Vipimo:

Ielekeze kwenye valvu inayorudisha mafuta kwenye tangi ambamo huchanganywa na udongo, kama mnavyofanya mwanzoni mwa kila zamu ya kuchuja hadi mafuta yatakate. Valvu iwe ya chemchemi, ili umeme au hewa ikikatika irudi yenyewe upande wa tangi, na ibaki huko baada ya pampu kuwashwa hadi mita isome usafi kwa dakika kadhaa mfululizo. Na mkondo wa umeme ambao kihisi hutumia kupeleka kipimo chake ukishuka chini ya miliampia 3.6, yaani waya umekatika au kifaa kimekufa, mfumo uchukulie kwamba mafuta ni machafu.