SMIG mpya: habari moja inasema mara tatu, nyingine mara mbili. Mnapimaje chanzo kinachovuta upande wake?

Mwana_Kamalondo

Jambo yenu wote. Naandaa maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu SMIG, mshahara wa chini kabisa wa kisheria hapa Kongo, yatabandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi wa kiwanda hapa L'shi (Lubumbashi). Habari nilizokusanya hazipatani. Ya kwanza: serikali imepandisha mshahara wa chini mara tatu. Ya pili: mara mbili. Ya tatu, ya tovuti ya wafanyabiashara, inasema nyongeza hiyo itafunga makampuni. Ya nne, ya sendika (chama cha wafanyakazi), inasema ni kiini macho, mfanyakazi hajapata kitu. Zote zinaongelea dekre moja (amri ya serikali), ile ya Mei 2025.

Sitaki kuandika "vyombo vya serikali vinasifu, vingine vinaponda", hilo hata mtoto analijua. Nataka namna ya kupima, hatua kwa hatua. Na je, redio ya habari ya Okapi peke yake inatosha?

Yaya_Ruashi

Weka magazeti pembeni kwanza, shika dekre. Dekre ya 2018 iliweka 7.075 FC (falanga za Kongo) kwa siku. Ya 2025 ina ngazi mbili: 14.500 FC kwanza, halafu 21.500 FC kuanzia Januari 2026. Sasa gawanya. 14.500 kwa 7.075 unapata 2,05. 21.500 kwa 7.075 unapata 3,04. Basi hakuna aliyedanganya kati ya hao wawili wa kwanza. Cha kuangalia ni kama aliyeandika "mara tatu" mwaka 2025 alitaja Januari 2026, na aliitaja wapi. Kama iko kwenye kichwa cha habari au aya ya kwanza, sawa. Kama imefichwa chini kabisa, au haipo, mwandishi alitaka usome kwamba falanga hizo zimeshaingia mfukoni.

Hatua ya pili ni dola, na hapo ndipo ugomvi wa sendika na waziri unapoeleweka. Mei 2018 dola moja ilikuwa karibu 1.600 FC, kwa hiyo 7.075 ilikuwa kama dola 4,4. Katikati ya 2025 dola ilizunguka 2.850 FC: ile 7.075 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 2,5, na 14.500 ikawa kama dola 5,1. Ukianzia 2,5, mshahara umeongezeka mara mbili. Ukianzia 4,4, umeongezeka asilimia 15 hivi, ndani ya miaka saba. Waziri anapima na jana, sendika inapima na 2018. Kwa hiyo kila asilimia unayokutana nayo, iulize mambo mawili: imeanzia mwaka gani, na kwa pesa gani. Habari isiyojibu hayo usiinukuu, hata kama inakupendeza. Hasa kama inakupendeza.

Tatu, mwezi. SMIG ni ya siku, na mahesabu ya mwezi yanafanywa kwa siku 26. 14.500 mara 26 ni 377.000 FC. 21.500 mara 26 ni 559.000. Ukiona mtu ameandika 435.000 kwa ngazi ya kwanza, ujue amezidisha kwa 30: falanga 58.000 zimezaliwa kwenye kalamu yake. Mara nyingi si ubaya, ni haraka tu. Lakini angalia haraka hiyo inaangukia upande gani kila siku. Mtu asiyependelea hukosea pande zote mbili.

Nne, inamgusa nani? SMIG ni ya manevri wa kawaida, yaani kibarua asiye na ufundi, ngazi ya chini kabisa. Ngazi za juu zinapandishwa kwa mvutano wa 1 hadi 10, yaani ngazi ya juu kabisa ni mara kumi ya ile ya chini. Kampuni kubwa ya mgodi yenye makubaliano na sendika, inayohesabu mishahara kwa dola, ngazi yake ya chini kwa kawaida iko juu ya kiwango hicho. Anayebanwa ni mwenye kampuni ya walinzi, ya usafi, tanuri la mkate, duka. Kwa hiyo "itafunga makampuni" inaweza kuwa kweli kwa tanuri la mkate Katuba na uongo kwa mgodi, na wenye sauti kubwa ndani ya FEC, shirikisho la waajiri, si wenye matanuri. Tafuta kwenye habari: nani amehojiwa? Kama aliyelia ni kampuni kubwa, lakini mfano uliotolewa ni duka dogo, hapo kuna mtu amejificha nyuma ya mwingine.

Kasapa_TFC

Naongezea upande wa tarehe, maana Yaya hakuugusa. Sheria kwetu hupita vituo: baraza la mawaziri (ripoti yake husomwa RTNC, televisheni ya taifa, na msemaji wa serikali), kisha sahihi, kisha Journal Officiel (gazeti rasmi la sheria), na mara nyingine arete (agizo) ya waziri ya kutekeleza. Magazeti huandika "serikali imepandisha" kwenye kila kituo. Ndiyo maana mradi mmoja unaweza kusifiwa mara tatu kama jambo jipya. Andika pembeni ya kila habari yako ni kituo kipi. Habari ya kituo cha kwanza iliyoandikwa kwa wakati uliopita ("wafanyakazi wamepata") tayari inasukuma.

Jambo la pili: hesabu vyanzo, usihesabu tovuti. Chukua sentensi moja ndefu ya habari, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafuta. Ikitokea neno kwa neno kwenye tovuti sita, hizo si sita, ni komunike (tangazo) moja ya wizara au ya kampuni iliyotumwa kwa wote. Dalili nyingine ni hizi: hakuna jina la mwandishi, hakuna mtu wa pili aliyehojiwa, na waziri anaitwa kwa vyeo vyake vyote. Hapa kwetu ongeza kupaje, ile "pesa ya transporti" ambayo mwandishi hupewa na mwenye mkutano. Huwezi kuiona kwenye maandishi, lakini alama yake unaiona: habari yote imetoka ukumbini, hakuna swali gumu hata moja, na upande wa pili haukupigiwa hata simu. Mwandishi analipwa kidogo au halipwi kabisa, na hilo lenyewe ni suala la kazi, ila tuliache.

Mama_Delege

Wanangu mmehesabu vizuri, ila upendeleo mwingi haukai kwenye namba. Unakaa kwenye maneno.

"Mgomo haramu." Nani kasema ni haramu? Code du travail (sheria ya kazi) ya 2002 inataka kwanza upatanisho mbele ya inspekta wa kazi, kisha tume ya upatanishi, ndipo mgomo. Kwa hiyo kuna karatasi: PV (hati rasmi) ya kutopatana, na taarifa iliyopelekwa kwa mwajiri. Mwandishi anayeandika "haramu" bila kusema kama PV ipo au haipo, ameazima mdomo wa mwajiri. Na anayeandika "mgomo halali wa wafanyakazi" bila kuitaja, ameazima wa sendika. Neno la kuaminika ni lile lenye karatasi nyuma yake.

"Wafanyakazi wetu wote wanalipwa zaidi ya SMIG." Sentensi hii ya makampuni ya migodi naipenda, imeshonwa vizuri. Angalia neno "wetu". Mpishi wa kantini, mlinzi wa geti, dereva wa lori, mwenye fagio: wengi wao wana kontra (mkataba) na kampuni nyingine iliyopewa kazi, si na mgodi. Mgodi unasema kweli, na wale wa chini kabisa hawamo kwenye hiyo kweli. Habari ya mishahara ya migodini isiyotenganisha walioajiriwa moja kwa moja na wa sutretansi, yaani wa kampuni hizo zilizopewa kazi, haijakueleza kitu. Sheria ya Februari 2017 iliyowapa Wakongomani soko la sutretansi nayo huandikwa upande mmoja: utasoma sana kuhusu wenye makampuni wapya, kidogo mno kuhusu mshahara wa wanaobebwa na makampuni hayo.

"Kazi elfu kadhaa zimeundwa." Uliza kazi za namna gani. Jurnalye (kibarua wa kutwa) akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kifungu cha 40 kinasema akichukuliwa tena kabla ya hiyo miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Ndiyo maana wengine husimamishwa siku ya 21. Mtu mmoja aliyeingia na kutoka mara nne anaweza kuhesabiwa ajira nne. Serikali haijadanganya, mwajiri hajadanganya, na nyumbani kwa huyo mtu hakuna kazi.

Halafu angalia nani hayumo kabisa. Mwalimu wa shule ya serikali na mfanyakazi wa serikali wa kudumu hawako chini ya Code du travail, wana sheria yao. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri, SMIG haimfikii. Ukiona picha ya wachimbaji wa mikono juu ya habari ya SMIG, aliyeiweka ama hajui ama anataka uchungu wa bure.

Bulldozer_Kenya

Hizi mbinu zote za nini? Wote wamenunuliwa. RTNC ya serikali, tivii za mitaa za wanasiasa, ONG (mashirika yasiyo ya serikali) za wazungu. Mimi nasoma tu komenti.

Yaya_Ruashi

@Bulldozer_Kenya komenti nazo zina wenyewe, ndugu. Kujua nani analipa ni mwanzo tu. RTNC na ACP, shirika la habari, ni za serikali, sawa: basi hakuna mahali pazuri zaidi pa kujua serikali ilisema nini hasa na siku gani. Usiende huko kutafuta kama mshahara umelipwa. FEC ni ya waajiri: nenda huko kujua gharama zinazowauma. Kila chanzo kina kitu kinachokijua vizuri kuliko wengine.

Na kuna kipimo kingine: chanzo kinaposema jambo linalokiumiza chenyewe, lipe uzito. Sendika ikikubali kwamba wanachama wake fulani wameongezewa, amini. Mwajiri akikubali kwamba hajafika kwenye ngazi ya pili, amini. Ile wanayosema kila siku kwa faida yao, iweke kwenye foleni isubiri ushahidi.

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana wakubwa, na Mama Delege zaidi. Bado Okapi na ripoti za ONG. Nina habari ya 2025 inayotaja "uchunguzi wa shirika la Uingereza" kuonyesha SMIG haiheshimiwi migodini. Inafaa?

Mama_Delege

Okapi ilianzishwa 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle. Pesa zake hazitoki kwa waziri wala kwa mgodi, na hilo ni kubwa. Lakini habari zake za kazi ni fupi: nani kasema, nani kajibu, basi. Kwa tarehe na kauli za pande mbili inatosha. Kwa kujua kama dekre inatekelezwa ndani ya geti, hapana. Hiyo huipati redioni, unaipata kwenye buletini ya mshahara (karatasi ya malipo) na kwa inspekta wa kazi.

Kasapa_TFC

Kuhusu ONG: huenda ni ripoti ya Novemba 2021 ya RAID, hilo shirika la Uingereza, na CAJJ, mwenzake wa Kongo. Fungua ripoti yenyewe, si habari kuhusu ripoti. Iliangalia migodi mitano mikubwa ya kobalti upande wa Kolwezi, yaani Lualaba, si Haut-Katanga, na wakati huo SMIG ilikuwa bado 7.075. Haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu dekre ya 2025. Inafaa kwa jambo moja: namna sutretansi inavyotenganisha wafanyakazi, kama alivyoeleza Mama.

Kwa ripoti yoyote ya namna hiyo soma sehemu ya mbinu. Walihojiwa wangapi, wa mgodi upi, miezi gani? Waliwapataje: kupitia sendika, au mtaani? Aliyepatikana kupitia watu wenye kesi ana kesi. Makampuni yaliandikiwa kabla, na majibu yao yamechapishwa? Na angalia kama mshahara uliotajwa ni wa msingi au pamoja na usafiri na posho ya familia. Ripoti nzuri inakueleza hayo bila kuombwa. Mwandishi aliyeibeba mara nyingi ameacha yote, akabaki na asilimia moja ya kutisha.

Mwana_Kamalondo

Basi nimeandika hivi, mnikosoe: "SMIG imepanda mara tatu, lakini sendika zinasema thamani yake haijapanda."

Yaya_Ruashi

Hapana. Umempa waziri ukweli na sendika maoni. Andika: "SMIG ya siku ilikuwa 7.075 FC tangu dekre ya 2018. Dekre ya Mei 2025 imeiweka 14.500 FC, kisha 21.500 FC kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 ni 377.000 FC, kisha 559.000 FC." Chini yake weka mstari wa dola, na kila kiwango cha dola ukiandikie tarehe, maana falanga inacheza na karatasi yako itakaa ukutani miezi. Neno "mara" liondoe kabisa. Mwisho ongeza kwamba ni ya manevri wa kawaida, la sivyo fundi umeme atakuja ofisini na karatasi yako mkononi akidai 559.000, wakati ngazi yake inamstahili zaidi.