Mliowahi kwenda Sauzi (Afrika Kusini): wapi mliporwa, wapi mliponea, na sasa mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Dar)

Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu anaenda Joburg mwezi ujao kufuata mzigo wa spea, ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi na ni wale vijana wanaoongea na kila mtu. Badala ya kumjaza maneno yangu mimi peke yangu nimeona nifungue uzi, kila mtu aeleze yaliyomkuta mwenyewe au aliyoyaona kwa macho yake, ya kusikia kwa shemeji wa jirani tuyaache.

Bondeni, yaani huko Sauzi, ni nchi nzuri na wengi wanaenda wanarudi salama ila tusidanganyane, takwimu za polisi wao wenyewe zinasema kati ya Aprili 2022 na Machi 2023 waliuawa watu zaidi ya 27,000, ni kama 45 kwa kila watu 100,000. Mengi ya hayo mauaji yanatokea kwenye vitongoji ambavyo mgeni hafiki, mgeni anachokutana nacho zaidi ni uporaji. Na uporaji wenyewe ukiuangalia vizuri mara nyingi unaanza na mtu aliyekuona.

Yangu ni hii. Tulitua OR Tambo, airport ya Joburg, mimi na mwenzangu mmoja wa Kariakoo, yeye akabadilisha dola nyingi palepale ndani, anahesabu noti mbele za watu, tukachukua gari hadi gesti Kempton Park sio mbali na airport. Tumefika getini tunasubiri lifunguliwe, gari likaja likatuziba nyuma, wakashuka vijana na bastola. Simu hawakuuliza, saa hawakuuliza, wakasema begi jeusi. Begi jeusi ndilo lenye hela! Wakachukua wakaondoka, hata dakika haikuisha. Dereva wetu ndo akatuambia hiyo inajulikana kabisa, mtu anakaa ndani ya airport anaangalia nani kabadilisha nini, anapiga simu nje, gari linakufuata mpaka unaposhuka.

Toka siku hiyo mimi sibebi hela za mzigo, naomba proforma (ankara ya awali) nalipa kwa benki kutoka Dar kabla sijapanda ndege. Mkononi nabeba ya kula na kulala tu. Na nikitoka airport napanda ile treni ya Gautrain mpaka Sandton, ni kama robo saa tu na ina walinzi kila kona, halafu gari nachukulia kule. Haya karibuni.

Mchangiaji wa 2 (Nairobi)

Hiyo ya gate hata huku kwetu tunaijua vizuri sana. Mimi yangu ilikuwa pakingi ya supamaketi Pretoria, nilikuwa na gari la kukodi, nikafunga kwa remote huku natembea kama kawaida. Kurudi gari liko sawa, hakuna kioo kimevunjwa, lakini laptopu na begi ya nguo hakuna. Mlinzi akanieleza kuna watu wanakaa hapo na kifaa kinazuia ile signo ya remote, wewe unabonyeza unaenda zako, gari halijajifunga, wao wanafungua mlango wakiwa wametulia wanatoa vitu kama ni vyao. Kwa hivyo ukifunga gari shika mlango uvute, kila mara, hata kama umesimama dakika mbili. Na kitu usiache kwenye kiti, hata koti, weka kwenye buti kabla hujafika pale unapopaki, sio ukishafika, maana wakikuona unahamisha vitu hapo ndio umewaonyesha.

Mchangiaji wa 3 (Arusha)

Mimi ni mdada, nilienda Cape Town kwa mkutano wa kikazi. Naomba niieleze hii kwa kirefu kidogo kwa sababu sijaona watu wengi wa huku wakiiongelea.

Ilikuwa mchana kweupe katikati ya mji, mtaa una watu. Akaja kaka amevaa kizibao cha kung'aa kama wale wa usalama barabarani, ana kitambulisho shingoni, mpole, ananiita madam, akaniambia mtaa huu leo kuna shughuli maalum hauruhusiwi kupita bila kibali ila kibali ni bure, unakichukua tu kwenye ile mashine ya ATM pale, unaingiza kadi inatoa karatasi. Mwenzake akapita na karatasi mkononi akasema ndio mimi nimeshachukua changu. Yani ilivyopangwa ungeamini. Nilichomjibu ni kwamba kadi nimeiacha hotelini, akaanza kunibadilikia sauti, nikaingia zangu kwenye duka la dawa lililokuwa hapo nikasimama karibu na kaunta. Dada wa kaunta hata sikumaliza kueleza, akaniambia hao wakishakufikisha kwenye mashine wanaangalia namba ya siri, wanabadilisha kadi kwa mikono ya haraka, ukifika hotelini akaunti nyeupe.

Wadada wenzangu naomba mshike hili, hakuna mtaa Sauzi unaopitwa kwa kibali cha ATM. Na mtu yeyote akikusogelea ukiwa kwenye mashine, hata kama anakuambia mashine imekwama nikusaidie, bonyeza kufuta chukua kadi yako ondoka. Mimi sasa natoa hela ndani ya mall tu, zile mashine zilizo ndani ya benki au karibu na mlinzi, na kadi ninayosafiri nayo ina hela ya siku chache, nyingine nahamisha kwa simu nikiwa chumbani.

Mchangiaji wa 4 (Mwanza)

Mnatisha watu bure. Nimeenda Sauzi mara nyingi tu sijawahi hata kupotezewa kalamu. Natembea na kaptula na kandambili, simu ndogo ya batani, saa sita usiku niko chumbani nimelala. Ukienda na macheni na simu ya milioni tatu unategemea nini?

Mleta mada

Mkuu mbona na wewe umetoa uzoefu mzuri tu hapo, unachukua tahadhari kuliko sisi wote. Hakuna anayetisha mtu.

Mchangiaji wa 5 (Yeoville, Johannesburg)

Mimi naishi huku, Yeoville, mtaa ambao Kiswahili unakisikia sokoni Rockey Street kwa sababu Wakongo ni wengi, na Wabongo tupo. Ngoja niongee kama mtu wa ndani.

Kwanza huyo wa Mwanza asibezwe, kuvaa kawaida kunasaidia kweli. Lakini huku kibaka hasomi nguo, anasoma mwendo. Mgeni anasimama katikati ya watu, anageuka kushoto kulia, anatoa simu anaangalia ramani, anarudisha mfukoni, anatoa tena. Hapo tayari. Ukitaka kuangalia ramani ingia dukani, ingia hata kwenye mgahawa wa kuku, simama ndani angalia barabara zako zote, toka ukiwa unajua unakata wapi. Simu ikiwa mkononi mtaani Hillbrow au pale Park Station, stesheni kuu ya Joburg, nje nje, hiyo simu sio yako tena. Mimi mwenyewe jirani yangu aliporwa anaongea nayo, kijana alipita anatembea tu, wala hakukimbia.

Pili taa za barabarani. Ukiwa kwenye gari jioni kioo kikiwa chini kidogo au mkoba uko mapajani, jamaa anakuja na kipande kidogo cha ile kauri ya plagi ya gari, akikirusha kwenye kioo kinapasuka chote kama unga, mkono unaingia, mkoba umeenda. Mkoba weka chini miguuni au kwenye buti. Na madereva wa huku utaona wakiiona taa nyekundu kwa mbali wanapunguza mwendo mapema ili wafike imewaka kijani, hawapendi kusimama kabisa hasa usiku.

Tatu hizi gari za app, za kuita kwa simu. Kuna ugomvi wa muda mrefu kati yao na wenye taxi, yani hivi vihaisi ambavyo ndo daladala za huku, na kwenye baadhi ya mall na stesheni dereva wa app akionekana anapakia abiria anaweza kushushwa akapigwa. Kwa hiyo dereva akikuambia kaa mbele usishangae, hataki ionekane kakubeba kibiashara. Akikuambia tembea kidogo nikuchukulie kona ile, hapo mimi nakataa, narudi ndani namwambia aje kwenye geti lenye mlinzi au nabadilisha gari. Hakikisha namba ya gari ndiyo iliyo kwenye simu yako kabla hujagusa mlango, na muulize amekuja kumchukua nani, mwache yeye ndiye alitaje jina lako.

Na jambo ambalo linaniuma kulisema. Wageni wengi wanaporwa na habari zilizotoka kwa watu wa kwao. Kijana wa nyumbani kakupokea vizuri, kakupeleka dukani, kajua mzigo wa shilingi ngapi, unalipa lini. Yeye anaweza asiwe mbaya, kamwambia tu rafiki yake. Mdogo wako mwambie hata anayemlaza ndani asijue siku ya malipo.

Mchangiaji wa 6 (Tunduma)

Dereva wa semi hapa, napita Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Sauzi, kwenda Joburg na wakati mwingine Durban. Barabara za kuzunguka Pretoria, N1 na N4, usiku wanaweka mawe au vyuma vyenye ncha, gari dogo likipita tairi zinapasuka, ukishuka kuangalia wanatoka kwenye majani. Ukisikia tairi limeenda usisimame, tembea na rimu hivyo hivyo taratibu mpaka sheli yenye taa na watu, rimu inanunuliwa. Sisi wa malori tuna na letu jingine la watu wanaosema wageni tumechukua kazi zao, Julai 2023 malori yalichomwa pale mlima wa Van Reenen kwenye N3, tangu hapo nikisikia redio za madereva zinasema kuna mkusanyiko mbele napaki palepale nilipo hata kama tajiri anafoka.

Mchangiaji wa 7 (Moshi)

Naomba kuuliza, mtu akikusimamisha na gari lenye taa ya bluu anasema ni polisi, unafanyaje? Maana usiposimama ni kosa.

Mchangiaji wa 5

Swali zuri sana. Wapo wezi wenye taa za bluu na wapo polisi kweli wenye magari ya kiraia. Niliwahi kuwa kwenye gari na dereva Mmalawi, tunatoka airport usiku, gari halina alama yoyote likawasha bluu nyuma yetu. Hakukimbia. Alipunguza mwendo, akawasha hazadi, akatoa mkono dirishani akaonyesha mbele kwamba nifuateni, akaenda taratibu mpaka sheli yenye watu wengi. Lile gari likatupita likapotea. Polisi wa huku wanaujua huo utaratibu, ukienda namna hiyo hadi kituo cha polisi au mahali penye watu haihesabiki umekimbia. Huku mwingine kwenye gari anapiga 10111, au 112 kwa simu ya mkononi, anawaeleza tuko barabara gani.

Mchangiaji wa 8 (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Mimi niliibiwa pochi na paspoti Durban, karibu na ufukweni, wakati wa asubuhi watu wanafanya mazoezi. Walikuwa na kisu, nikawapa. Nawaomba ndugu zangu sana, mpeni. Kijana wa watu tuliyekuwa naye hoteli moja alishindana nao kwa ajili ya simu, walimchoma mkono mpaka leo vidole viwili havikunji. Usiwatazame machoni, usipeleke mkono mfukoni ghafla, waambie iko mfuko gani wachukue wenyewe.

Baada ya hapo nenda kituo cha polisi ukaandikishe upewe namba ya kesi, bila hiyo hata bima hawakusikilizi. Halafu ubalozi wetu upo Pretoria, wanakutolea hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Mimi ilinisaidia kwamba nakala ya paspoti na cheti cha kuzaliwa nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe yangu, na mke wangu alikuwa na picha zake. Na hela kidogo nilikuwa nimeificha ndani ya sanduku hotelini, ndiyo iliyonifikisha Pretoria.

Mchangiaji wa 7

Na kiasi cha kubeba mkononi kuna sheria?

Mleta mada

Randi zenyewe mwisho ni 25,000 kuingia au kutoka nazo. Dola unaweza kubeba ila unatakiwa utangaze forodhani, usipotangaza wakikukuta nazo wanazishika. Kwa upande wa usalama mimi nasema benki kwa benki tu.

Mkuu wa Yeoville swali la mwisho, dogo kuna uwezekano aende kwa ndege mpaka Harare, kuna mtu wa kuonana naye, halafu aingie Joburg kwa basi. Hayo mabasi mengine yanafika Park Station usiku wa manane. Unamshauri nini?

Mchangiaji wa 5

Asitoke nje. Abaki ndani kwenye ukumbi wa mabasi ya mikoani, kuna walinzi na kuna wasafiri wengine wamelala na mabegi yao, akae karibu na familia, begi alifunge mguuni. Watakuja watu wanasema kaka taxi, kaka lodge ya bei rahisi, wengine watamsalimia kwa Kiswahili kizuri kabisa, asiwafuate. Kukipambazuka, saa moja hivi watu wa kazini wameshajaa, ashuke kwenye Gautrain, stesheni yake iko hapo hapo jirani, aende Rosebank, halafu gari la app alichukulie pale. Kama ana uwezo wa kuchagua basi achague linaloondoka Harare jioni ili mpaka wa Beitbridge auvuke usiku, Joburg aingie mchana. Nitumie PM (ujumbe wa faragha) siku anayofika, kama niko off nitakuja kumpokea mwenyewe ndani ya stesheni.