Wageni wa kadi: POS, linki ya malipo au kutumiwa namba kwa WhatsApp, ipi salama kwa biashara ndogo?

Gesti_CapriPoint
Wakuu heshima kwenu. Nina gesti ndogo huku Capri Point, Mwanza, na boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Saanane. Wazungu wameongezeka, wengi wanapita hapa wakielekea Serengeti kwa geti la Ndabaka, na karibu wote wanataka kulipa kwa kadi. Naona njia tatu, mashine ya POS (ile ya kupitishia kadi) pale mapokezi, linki ya malipo ambayo mgeni anajaza mwenyewe akiwa kwao, au hii ambayo wengi wanafanya hapa mjini, mgeni anakutumia namba za kadi kwa WhatsApp afu unazipiga kwenye mashine kwa mkono. Jirani yangu hii ya tatu imemtia hasara, kundi limelala, limekula, limeondoka, baadae kabisa benki inamwambia mwenye kadi kayakataa malipo na hela wakaikata kwenye akaunti yake. Wenye uzoefu naombeni ulinganisho wa kweli.

Kaunta_Nyamagana
Mkuu, mashine kuandika "approved" haimaanishi hela ni yako moja kwa moja, inamaanisha kadi iko hai na salio lipo. Mwenye kadi bado anaweza kuukataa muamala, ndo wanaita chajibeki, na kwa Visa na Mastercard muda wa kudai unaweza kufika siku 120. Kwahiyo kila njia iulize swali moja tu, akikataa nani anabeba? Mgeni akichomeka kadi ya chip na kuweka pini yake, hasara ya kadi ya wizi kwa kawaida inabaki kwa benki iliyotoa kadi. Ukipiga namba kwa mkono inakuangukia wewe, hata kama una kopi ya pasipoti yake. Hiyo ya WhatsApp iache kabisa.

Lodge_Lamadi
Naunga mkono, ila POS haikusaidii kwa mgeni anayebuku akiwa Ujerumani na anatakiwa atangulize nusu. Hapo ndo linki inapoingia, lakini sio linki yoyote. Kabla hujasaini na kampuni ya malipo waulize kama wana 3-D Secure, ile mgeni akishajaza kadi benki yake inamtumia namba ya kuthibitisha kwenye simu au inamtaka athibitishe kwenye app. Mwizi mwenye namba za kadi tu anakwama hapo, na muamala ukithibitishwa hivyo dai la "sio mimi niliyelipa" mara nyingi linahamia kwa benki ya mwenye kadi. Ila linki haikukingi na mgeni anayesema chumba hakikuwa kama picha, hilo ni dai lingine, tunza mawasiliano yote na masharti ya kukansel awe ameyakubali kwa maandishi.

MamaVitenge_Makoroboi
Mimi dukani kwangu ni lipa namba na keshi tu, kadi sitaki. Hela nikiiona imeingia imeingia. Mtalii akitaka vitenge anaenda ATM anarudi.

Kaunta_Nyamagana
Dada kwa duka la vitenge sawa, ila gesti ya wageni wa nje ukikataa kadi anaenda jirani. Na lipa namba nayo ina wezi wake, mtu anakuonyesha meseji ya malipo kwenye simu YAKE, kumbe kaitengeneza. Angalia simu yako au salio lako mwenyewe kabla mzigo haujatoka.

MamaVitenge_Makoroboi
Hilo kweli kaka, vijana wangu nimeshawaambia simu ya mteja haiangaliwi kabisa.

Gesti_CapriPoint
Asanteni sana. Sasa kuna mtu ananiandikia imeili wiki hii, kundi la watu 12, siku 9, hajauliza bei wala kama nina vyumba vya kutosha (sina). Anataka nikate kwenye kadi yake zaidi ya bei ya malazi, ile ziada nimtumie "ajenti" wa usafiri kwa Western Union kwa sababu eti ajenti hapokei kadi. Mnaonaje?

Lodge_Lamadi
USIKATE HATA SHILINGI. Huo mchezo wa siku nyingi sana kwenye mahoteli. Kadi ni ya wizi, ajenti ni yeye mwenyewe, ile ziada ukishaituma keshi haina kurudi, afu mwenye kadi akija kukataa unarudisha yote, ya malazi na ya ajenti. Sheria ni moja, hela iliyoingia kwa kadi inarudi kwenye kadi ileile, hairudi kwa keshi wala kwa mtu wa tatu. Mwambie atumie linki kwa bei ya vyumba tu uone kama atajibu.

Kijana_wa_POS
Nimefanya kazi kaunta ya POS, naongezea ya mapokezi. Mtu akisema chip imeharibika, eti swaipu tu (pitisha ule mkanda mweusi wa nyuma ya kadi), omba kadi nyingine au lipa namba. Kadi feki za mkanda mweusi nyuma zinatengenezwa kwa data iliyoibwa, ndo maana risiti ikitoka linganisha namba 4 za mwisho kwenye karatasi na zilizoandikwa kwenye kadi, zikitofautiana ujue kadi imepikwa. Zile namba 3 za nyuma ya kadi msiziandike popote, sio kwenye daftari sio kwenye simu, kanuni za makampuni ya kadi zinakataza kuzitunza baada ya malipo.

Gesti_CapriPoint
Basi nimeamua, POS mapokezi, linki yenye 3-D Secure kwa wanaotanguliza, na huyo wa watu 12 nimemjibu kama Lamadi alivyosema, kimya mpaka sasa. Mashine yenyewe niichunge vipi usiku, maana mapokezi anakaa kijana mmoja?

Kijana_wa_POS
Neno la siri la kurudisha hela ulibadilishe siku ileile mashine inapowekwa, ulijue wewe tu, maana kijana akilijua anaweza kurudisha hela ya mgeni kwenye kadi ya rafiki yake. Na akija mtu na fulana ya benki anasema kaja kubadilisha mashine, asipewe mpaka upige simu tawini kwa namba unayoijua wewe, sio atakayokupa yeye. Serial namba iko kwenye kibandiko mgongoni mwa mashine, ipige picha, na kila asubuhi kijana aangalie kama ni ileile.