Mchujo wa meya New York, Juni 2025: Mamdani anaongoza, lakini tulinganishe ahadi

Mpangaji_Bronx
Wakuu, kura za mchujo za Democratic zilipigwa juzi, 24 Juni 2025. Zohran Mamdani ana asilimia 43 na ushee, Andrew Cuomo 36, Brad Lander 11. Naishi kwenye nyumba ambayo kodi yake inadhibitiwa, na mkataba unaisha mwisho wa Septemba. Tuweke kando ujana wa Mamdani na video zake. Kati ya hawa, nani anaweza kutimiza anachoahidi?

Kisumu_Ndogo
Swali kwanza: asilimia 43 na bado mnasubiri? Huku kwetu angekuwa amebeba cheti.

DadaAstoria
Hapana kaka, huku lazima apite nusu. Mpiga kura anawapanga wagombea hadi watano. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Matokeo ya hatua hiyo yanatoka 1 Julai. Mamdani na Lander waliombeana kura, kila mmoja aliwaambia watu wake wamweke mwenzake wa pili. Kwa hiyo zile 11 za Lander nyingi zitamwendea Mamdani. Cuomo mwenyewe alikubali kushindwa usiku uleule.

MzeeWaReli
Nampa Cuomo haki yake. Amekuwa gavana miaka kumi, treni ya Second Avenue ilifunguliwa wakati wake, na sheria ya 2019 inayowalinda wapangaji aliisaini yeye. Mamdani ana miaka 33, ni mbunge wa jimbo tu. Jiji la watu zaidi ya milioni nane si mahali pa kujifunzia kazi.

DadaAstoria
Mzee wangu, shikamoo. Lakini huyo gavana alijiuzulu 2021 kufuatia ripoti ya tuhuma za kuwanyanyasa wanawake kingono. Anazikana, sawa, ila kwangu mimi mwanamke hilo siwezi kulipita. Kama uzoefu ndio kipimo, Lander ni mdhibiti wa fedha wa jiji, na wiki iliyopita alikamatwa na maofisa wa uhamiaji mahakamani akiwa amemshika mkono mhamiaji aliyekuja kwenye kesi yake. Mimi nilimweka wa kwanza, Mamdani wa pili.

Mpangaji_Bronx
Turudi kwenye ahadi. Mabasi ya bure anayoahidi Mamdani je? Basi la Bx18 lilikuwa bure kwa majaribio, kuanzia Septemba 2023. Kina mama walikuwa wanaingia na mizigo yao ya soko bila kusimama mlangoni kutafuta kadi. Nililipenda sana.

MzeeWaReli
Marahaba binti. Kuhusu mabasi, nauli inapangwa na MTA, chombo cha jimbo. Hata kodi anayotaka kuwatoza wenye kipato cha zaidi ya dola milioni moja inahitaji bunge na gavana wa jimbo kule Albany. Meya peke yake hawezi.

DadaAstoria
Hapo nakubali. Lakini ahadi yake ya kugandisha kodi ya nyumba inawezekana. Bodi inayopanga nyongeza ina watu tisa, wote huteuliwa na meya, na enzi za meya de Blasio iligandisha 2015, 2016 na 2020. Ni karibu nyumba milioni moja. Hilo Cuomo halikubali.

Mtoto_wa_Kampala
Sisi huku tunafurahi, kazaliwa Kampala 1991. Ila nimeona Bronx imempa Cuomo. Maskini hawakumwelewa?

Mpangaji_Bronx
Wamemwelewa, ndugu. Wazee wa jengo letu wanamjua Cuomo, na baba yake aliyekuwa gavana zamani. Mtu aliyeahidiwa mengi akakosa hamrukii mgeni upesi.

DadaAstoria
Mpangaji, bodi ya sasa inapiga kura 30 Juni, chini ya meya wa sasa, Adams, na viwango vyake vinahusu mikataba inayoanza Oktoba. Novemba bado kuna uchaguzi wenyewe. Akishinda, kodi haiwezi kugandishwa kabla ya mikataba ya Oktoba 2026. Kwa hiyo usisaini mkataba wa miaka miwili, chukua wa mwaka mmoja.